Sekunde Moja, Fremu 240: Mwongozo wa Kuchagua Kamera Nafuu ya Mwendo wa Polepole

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alikuwa amebakiza mita chache kumaliza marathoni ya mashindano ya dunia, na mbele yake alikuwepo Mjerumani Amanal Petros. Simbu akachomoka. Petros akajitupa mbele. Saa ikawaandikia wote wawili muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Baada ya kilomita 42 na ushei, dhahabu na fedha vilitenganishwa na sekunde 0.03, na ni picha ya mstari wa kumalizia iliyoamua. Tanzania ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika riadha.

Sekunde 0.03 ni muda gani? Jicho halijamaliza kupepesa. Simu ya kawaida ikirekodi video huchukua picha mnato 30 kila sekunde, ambazo wapigapicha huziita fremu, yaani fremu moja kila baada ya sekunde 0.033. Kwa simu hiyo, ushindi wa Simbu wote ungeweza kupita katika upenyo ulio kati ya fremu moja na ya pili. Kamera za mstari wa kumalizia huchukua maelfu ya vipande vya picha kwa sekunde, ndiyo maana waamuzi hawakuhitaji kubishana.

Mwalimu wa michezo wa Mlalo, kwenye bonde lililozungukwa na milima ya Usambara kilomita zipatazo 30 kutoka Lushoto mjini, ana shida ya namna hiyo hiyo kila jioni ya mazoezi. Mwanafunzi anaruka chini. Mguu wake unakaa juu ya ubao wa kurukia kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha ameshatua mchangani. Mwalimu anasema, "Umechelewa kunyanyua goti." Mwanafunzi anajibu, "Hapana mwalimu, nimelinyanyua." Wote wawili wanasema kwa dhati, na wote wawili hawana ushahidi.

Ushahidi huo unapatikana kwa bei ambayo shule, klabu ndogo au hata mzazi mmoja anaweza kuimudu. Kinachowaponza wanunuzi ni kuanza na kamera, wakati ilipasa kuanza na swali.

Swali kwanza

Mwaka 1878, huko Palo Alto katika jimbo la California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi na kutandaza nyuzi za kuzifyatua moja baada ya nyingine farasi anapopita. Tajiri Leland Stanford alitaka kujua jambo moja tu: farasi akiwa mbioni, kuna wakati ambapo kwato zote nne ziko hewani? Picha zikajibu kwamba upo, tena ni pale miguu inapokuwa imekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji wa miaka mingi walikuwa wakiichora imenyooshwa mbele na nyuma. Kamera 12 zilitosha kwa sababu swali lilikuwa moja na lilieleweka.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, andika kwenye karatasi unachotaka kuona. Halafu jiulize tendo hilo linachukua muda gani, maana muda huo ndio utakaokwambia idadi ya fremu unazohitaji.

Tuanze na mbio ndefu. Unyayo wa mkimbiaji wa masafa hukaa chini kwa kama sekunde 0.2. Simu ya fremu 30 itakupa fremu sita za tendo hilo, na hizo hazitoshi kuamua kama ametua kwa kisigino au kwa mbele ya mguu. Fremu 120 kwa sekunde zitakupa 24, na fremu 240 zitakupa 48. Kwa swali la namna mguu unavyotua, fremu 120 zinatosha kabisa.

Kwa mbio fupi na kuruka chini, mguu hukaa chini takriban sekunde 0.1. Fremu 30 hukupa picha tatu tu, fremu 120 hukupa 12, na 240 hukupa 24. Hapa 240 inaanza kuwa na faida ya kweli, hasa ukitaka kulinganisha mguu wa kulia na wa kushoto.

Kupiga mpira ni habari nyingine. Kiatu na mpira hugusana kwa kama sekunde 0.01. Kwa fremu 30 unaweza usiupate mguso hata mara moja, kwa fremu 240 utapata picha mbili au tatu, na kwa fremu 1,000 utapata kumi. Lakini jiulize tena: kocha wa vijana wa shule anahitaji kuuona mguso wenyewe? Mara nyingi anachosahihisha kiko kabla yake. Mguu wa kusimamia umekaa wapi kando ya mpira? Nyonga imefunguka? Goti liko juu ya mpira au limebaki nyuma? Hayo yote yanaonekana vizuri kwa fremu 120 hadi 240.

Kwa maneno mengine, fremu 240 za kweli kwa sekunde zinamtosha mwalimu wa riadha, mpira wa miguu, mpira wa pete, wavu na mkuki karibu katika kila jambo. Fremu 1,000 na kuendelea ni za mtu anayechunguza mpira unavyobonyea au kamba za raketi zinavyotetemeka.

Simu iliyo mfukoni

Kamera nafuu kuliko zote ni ile iliyokwisha kununuliwa. Kabla hujatoa shilingi, kagua simu za walimu wote shuleni. iPhone 5s ya mwaka 2013 ilirekodi fremu 120 kwa sekunde, iPhone 6 ya 2014 ikafika 240 kwa ukubwa wa pikseli 1280 kwa 720, na iPhone 8 ya 2017 ikatoa 240 kwa pikseli 1920 kwa 1080. Simu nyingi za Android za bei ya kati nazo zina sehemu ya mwendo wa polepole ya fremu 120, na baadhi yake hufika 240. Ifungue kamera, tafuta sehemu hiyo, kisha ingia kwenye mipangilio usome idadi ya fremu na ukubwa wa picha. Ukikuta chini ya pikseli 1280 kwa 720, kifundo cha mguu cha mwanafunzi aliye mita kumi kitakuwa doa tu.

Tahadhari moja ni kubwa. Baadhi ya simu za bei ya chini hutangazwa kwa fremu 480 au 960 wakati lenzi na kitambuzi chake havifiki huko. Simu hurekodi fremu chache za kweli, kisha programu inabuni nyingine za kujaza katikati. Fremu ya kubuni ni makisio ya mashine. Mwalimu akipima mwendo wa mwanafunzi kwa fremu hizo, anapima kitu ambacho hakikutokea. Hata simu za gharama zina mipaka yake: Samsung Galaxy S9 ya mwaka 2018 ilikuwa na fremu 960, lakini kwa sekunde 0.2 tu kila mara, yaani muda ambao unyayo wa mkimbiaji wa masafa hukaa chini.

Namna ya kuigundua simu ya uongo haihitaji fundi. Inahitaji kiazi, na viazi Lushoto vimejaa.

Simamisha rula au fimbo ya mita moja ukutani. Weka simu juu ya kitu kisichotikisika, mbele ya fimbo, kwenye jua. Anza kurekodi kwa mwendo wa polepole, kisha uachie kiazi kidondoke kutoka kimo cha mita moja kamili bila kukisukuma. Mvuto wa dunia hauna upendeleo: kitu kizito kikidondoka mita moja hutumia takriban sekunde 0.45. Sasa hamishia video kwenye kompyuta na uhesabu fremu kuanzia pale kiazi kilipoachiwa hadi kilipogusa chini. Fremu 240 za kweli zitakupa kama 108. Fremu 120 zitakupa kama 54. Fremu 30 zitakupa 13 au 14.

Usiishie kwenye hesabu, tazama pia kila fremu. Kwenye kamera ya kweli, kiazi hushuka kidogo katika kila fremu, na hatua zake zinazidi kurefuka kadiri kinavyoongeza kasi. Kwenye kamera ya uongo, kiazi husimama palepale fremu mbili au zaidi kisha kinaruka, au kingo zake zinayeyuka na kuonekana viazi viwili vilivyopandana kama kivuli. Fanya jaribio hili dukani kabla ya kulipa. Muuzaji mwenye bidhaa safi hatakataa.

Kama simu haitoshi

Wapo watakaotaka kamera ya pekee, ili simu ya mwalimu isiishiwe chaji na kujaa video za mazoezi. Soko la vitu vilivyotumika lina mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni kamera ndogo za Casio Exilim. Kwa miaka kadhaa hizi ndizo zilizokuwa kimbilio la makocha wasio na fedha nyingi. EX-F1 ya mwaka 2008 ilianza kwa bei ya karibu dola 1,000 na ilifika fremu 1,200 kwa sekunde. EX-FC100 iliyofuata mwaka 2009 ilikuwa ndogo ya kutia mfukoni na nafuu zaidi. Lakini soma maandishi madogo. Fremu 1,000 za EX-FC100 zilikuwa na ukubwa wa pikseli 224 kwa 64, utepe mwembamba usiomtosha mtu mzima. Kipimo chake chenye manufaa kilikuwa fremu 210 kwa pikseli 480 kwa 360. Casio iliacha kutengeneza kamera za aina hii mwaka 2018, hivyo betri mpya za asili ni za kutafuta. Ukiipata kwa bei ya chini sana na betri yake inashika chaji, itakufaa. Ikikaribia bei ya simu yenye fremu 240 kwa pikseli 1280 kwa 720, chukua simu.

La pili ni GoPro. Hero7 Black ilitoka mwaka 2018 kwa dola 399, na inarekodi fremu 240 kwa pikseli 1920 kwa 1080. Haiogopi mvua wala vumbi, na hilo lina uzito mahali ambapo masika hayachagui saa ya mazoezi. Kasoro yake ni lenzi inayoona upana mkubwa: mistari iliyonyooka hupinda pembeni mwa picha, na mtu aliye mbali huonekana mdogo mno. Isogeze karibu na umweke mwanamichezo katikati.

La tatu ni kamera kama Sony RX100 IV ya mwaka 2015, yenye fremu zinazokaribia 1,000 katika picha inayosomeka. Ilikuwa karibu dola 1,000 ilipoingia sokoni, na hurekodi kwa sekunde mbili hadi nne kila mara kisha inasimama kuhifadhi. Juu yake kuna kamera za maabara. Chronos 1.4 ya Canada, iliyoanza kuchangiwa fedha mtandaoni mwaka 2016, inatoa fremu zaidi ya 1,000 kwa pikseli 1280 kwa 1024 na ilionekana ya bei nafuu mno na wanasayansi, ingawa iligharimu zaidi ya dola 2,000. Kwa fedha hizo shule ingepata simu nzuri, stendi, mipira, mikuki na chenji.

Mwanga wa Usambara

Idadi ya fremu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafumbua jicho kwa kila fremu. Kamera inaweza kuchukua fremu 240 na zote zikatoka na ukungu wa mwendo, kama picha ya basi lililopita kwa kasi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mguu wa mkimbiaji unaporushwa mbele unaweza kufikia mita 12 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa sehemu moja ya 240 ya sekunde, mguu husogea sentimita tano ndani ya fremu moja, na kifundo kinageuka mchirizi. Shata ikiwa sehemu moja ya 1,000, mguu husogea sentimita 1.2 tu, na kamba za viatu zinaonekana. Kwa hiyo tafuta kamera au programu ya simu inayokuruhusu kupanga kasi ya shata mwenyewe, na ianzie 1/1,000. Kama haikuruhusu, jua kali litakusaidia, kwa sababu kamera ikipata mwanga mwingi hupunguza muda wa shata yenyewe.

Hapo ndipo Mlalo inapohitaji mipango yake. Wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unaweza kulala bondeni asubuhi nzima. Jioni nayo ni fupi, kwa kuwa bondeni jua huzama nyuma ya mlima kabla giza halijaingia, na mazoezi ya saa kumi na moja yanapigwa picha kivulini. Mwalimu mzoefu wa milimani atatenga siku moja ya kurekodi, kwa mfano Jumamosi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na siku nyingine zibaki za mazoezi. Jua liwe nyuma ya kamera au ubavuni mwake, lisiwe nyuma ya mwanamichezo.

Ndani ya ukumbi kuna jambo jingine. Umeme wa Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, ukibadili mwelekeo mara mbili katika kila mzunguko, na taa nyingi kwa hiyo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera ya fremu 240 huona, na video itapepesa mwanzo hadi mwisho. Rekodi nje kila unapoweza.

Fedha zigawanywe vipi

Wengi humaliza fedha zote kwenye kamera kisha wanashika kamera hiyo mkononi, na mkono unatetemeka. Ziko gharama nne ndogo ambazo ni bora kuziweka kando kwanza.

Stendi ya miguu mitatu ndiyo ya kwanza. Si lazima iwe ya gharama. Mfuko wa mchanga uliofungwa katikati yake utaizuia isitikiswe na upepo. Ya pili ni pawa benki, kwa sababu kurekodi kwa fremu nyingi hula chaji upesi. Ya tatu ni nafasi ya kuhifadhi. Kwenye iPhone, dakika moja ya fremu 240 kwa pikseli 1920 kwa 1080 hula takriban megabaiti 480, sawa na megabaiti nane kila sekunde. Vipande vya sekunde tano vitakula megabaiti 40 kila kimoja, na nafasi ya gigabaiti kumi itabeba vipande 250. Kama kamera inatumia memori kadi, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw kwenye kompyuta, maana kadi bandia huandikwa ukubwa ambao haina, na hukuumbua siku ya mashindano. Ya nne ni fimbo ya mita mbili iliyopakwa rangi nyeupe na nyekundu kila nusu mita, ambayo seremala wa kijiji ataitengeneza kwa siku moja.

Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta simu iliyotumika, usikubali winga, yaani dalali wa mtaani, akukimbize. Kaa, iwashe, fanya jaribio la kiazi, angalia afya ya betri kwenye mipangilio, na uchunguze lenzi kwenye mwanga kama ina mikwaruzo. Kisha piga *#06# upate namba ya utambulisho ya simu, na uitume kwenda 15090 ili kujua kama simu hiyo ni halisi. Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia Juni 2016, na waliokuwa wamenunua bila kuhakiki walibaki na vipande vya plastiki. Dai risiti yenye jina la duka. Safari ya kutoka Mlalo hadi Dar es Salaam kurudisha simu mbovu ni gharama nyingine juu ya gharama.

Siku ya kurekodi

Kwenye milima hii ardhi tambarare ni adimu, na uwanja wenye mwinamo humdanganya mtazamaji: mkimbiaji anayeshuka huonekana amelalia nyuma hata kama yuko sawa. Tafuta kipande cha mita 20 kilicho sawa, ukipime kwa chupa ya maji yenye kipovu, na ukitumie hicho hicho kila mara.

Weka kamera mita nane hadi kumi kutoka njia ya mkimbiaji, usawa wa nyonga zake, ikitazama njia hiyo kwa pembe ya mraba. Isimfuate. Iache itulie, naye apite mbele yake. Simamisha fimbo ya mita mbili palepale atakapopita, irekodi kwa sekunde chache, kisha iondoe. Kipimo hicho ndicho kitakachogeuza pikseli kuwa sentimita. Mwombe avae kaptula na fulana inayombana, na umbandike vipande vya plasta ya rangi kwenye kifundo, goti, nyonga na bega.

Kwa mkuki, weka kamera moja ubavuni upande wa kifua cha mrushaji na nyingine nyuma yake. Asikae mtu wala kamera mbele ya eneo la kurushia. Ukiona mkuki umepinda kwenye picha, usiharakishe kumlaumu mrushaji. Kamera nyingi za simu husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kitu kinachokwenda kasi kinakuwa kimesogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa.

Kabla ya yote hayo, zungumza na wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha za watoto kama inavyogusa taarifa nyingine zao. Barua fupi inayoeleza video ni za nini, nani atazitazama na zitafutwa lini, yenye saini ya mzazi, itamlinda mwanafunzi na itamlinda mwalimu.

Kuhesabu unachokiona

Usitume video kwa WhatsApp kama video ya kawaida. Programu hiyo huibana na fremu zako zinapotea njiani. Itume kama dokumenti, au uihamishe kwa waya.

Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya bure ya Kinovea inamtosha mwalimu: inapiga hatua fremu kwa fremu, inapima pembe za goti na kiwiko, na inaweka video mbili bega kwa bega. Tracker, iliyotengenezwa kwa ajili ya walimu wa fizikia, ni ya bure pia. Hata VLC inasogea fremu moja kila ukibonyeza herufi E. Programu hizi hukaa kwenye kompyuta yako. Coach's Eye, iliyopendwa na makocha wengi wa simu, ilifungwa na wenyewe mwaka 2022 na wateja wakaachwa wakitafuta pa kuhamia.

Iambie Kinovea kasi halisi ya kurekodi. Simu nyingi huhifadhi video ya fremu 240 kama inayochezwa kwa fremu 30, na usipoeleza hivyo kila muda utakaopima utakuwa mara nane ya ukweli.

Sasa hesabu. Mkimbiaji ametua fremu ya 112 na kunyanyuka fremu ya 160: fremu 48, gawanya kwa 240, unapata sekunde 0.2. Ametua tena kwa mguu wa pili fremu ya 192, yaani fremu 80 baada ya kutua kwa mguu wa kwanza. Hiyo ni hatua tatu kwa sekunde, au 180 kwa dakika. Mpira uliopigwa umesafiri mita mbili kwa fremu 24, yaani sekunde 0.1: kasi yake ni mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kufanya hesabu hizi, na mwalimu wa fizikia atafurahi kuzitumia darasani.

Kutazama pamoja

Agosti 2015, mjini Beijing, Mkenya Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, umbali ambao ni rekodi ya Afrika. Mwaka uliofuata akaleta medali ya fedha kutoka michezo ya Olimpiki ya Rio. Alipoanza hakuwa na kocha wa mkuki. Alikwenda kwenye duka la intaneti na kutazama YouTube, akiwarudia rudia mabingwa kama Jan Železný na Andreas Thorkildsen, kisha akatoka kujaribu uwanjani. Baadaye alipata mafunzo ya kitaalamu Finland, lakini msingi wake aliujenga kwa macho.

Yego aliwatazama wengine. Mwanafunzi wa Mlalo mwenye simu ya fremu 240 anaweza kujitazama yeye mwenyewe, jambo ambalo Yego kijana hakuwa nalo. Basi mkalishe kwenye benchi, kivulini, simu ikiwa kati yenu. Mwache aitazame video yake mara mbili kabla hujasema neno. Mwulize anaona nini. Mara nyingi ataliona goti lake lililochelewa kabla hujamwonyesha, na yale mabishano ya "umechelewa" na "hapana mwalimu" yanakwisha yenyewe. Mpe jambo moja la kurekebisha, lisizidi moja.

Kisha ihifadhi video hiyo kwa jina lake, tendo na tarehe, na upige alama ya chokaa juu ya jiwe pale miguu mitatu ya stendi iliposimama. Baada ya wiki tatu irudishe stendi kwenye alama zile zile, saa ile ile, na umwite aruke tena.